Mpiga Fidla Asiyetunga: David Harrington na Swali la Nani Mtunzi

Makala haya yanamhusu mtu ambaye hajaandika riwaya, hajatoa diwani, wala hajulikani kwa kutunga muziki. Anaitwa David Harrington, ni Mmarekani, na kazi yake tangu mwaka 1973 ni kupiga fidla ya kwanza katika kundi la watu wanne liitwalo Kronos Quartet. Najua baadhi ya wasomaji watauliza: sasa huyu anatafuta nini humu, kwenye jarida la uhakiki wa fasihi?

Swali lenyewe nimeshaulizwa. Nilipolipeleka wazo hili kwenye semina, mwenzetu mmoja alinyanyua mkono akasema ati fidla haina maneno, na kisicho na maneno hakihakikiwi. Darasa zima likacheka. Mhadhiri hakucheka, lakini hakunitetea pia. Basi nikakunja karatasi zangu nikakaa. Ninachoandika hapa ni jibu ambalo siku ile sikuwa nalo.

Nina sababu ya nyumbani vilevile, na ni bora niitaje mapema ili msomaji ajue natoka wapi. Ami yangu anapiga fidla katika klabu moja ya taarab huko Unguja, tangu kabla sijazaliwa. Nimesoma makala na tasnifu kadhaa kuhusu taarab hapa chuoni. Zinachambua mashairi, mafumbo, nafasi ya mwanamke, mpasho na kadhalika. Mwimbaji anatajwa, na mtunzi wa shairi akibahatika anatajwa. Mpiga fidla anaingia katika neno moja tu, "vyombo". Kama vile vinajipiga vyenyewe! Kwa hiyo niliposikia kwamba yuko mpiga fidla ambaye watunzi wa dunia hii wameandika au kupanga tungo zaidi ya elfu moja kwa sababu yeye aliwaomba, nilitaka kujua amefanyaje.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kwateti ya nyuzi ni fidla mbili, viola na selo. Haina kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Wanne wanakaa nusu duara, na fidla ya kwanza ndiye anayewaanzisha, mara nyingi kwa pumzi tu au kwa kuinua kichwa. Asipopumua vizuri, wote wanne wanaingia ovyo. Uongozi wa namna hii hauonekani, na ndiyo maana watu hudhani haupo. Wale waliowahi kutazama kikundi cha taarab asilia wakati wa bashrafu, kabla mwimbaji hajasimama, watakuwa wamewahi kuuona bila kujua kwamba wameuona.

Harrington alizaliwa mwaka 1949 na kukulia Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani. Akiwa mvulana wa miaka kumi na miwili alisikia kwenye sahani ya santuri kwateti moja ya Beethoven, na kuanzia hapo hakutaka kitu kingine. Akakusanya wenzake shuleni wakawa wanapiga. Sasa sikilizeni jambo ambalo yeye mwenyewe amelisimulia mara nyingi. Baada ya miaka kama miwili ya kupiga Haydn, Mozart, Beethoven na Schubert, siku moja alikuwa akitazama tufe la dunia, akagundua kwamba muziki wote aliokuwa amepiga umetoka kwa wanaume wanne walioishi katika mji mmoja, Vienna. Dunia yote ile, mabara yote yale, na yeye yuko kwenye nukta moja.

Hapa ndipo nilipoanza kumwona kama mwenzetu. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na hoja yao ilikuwa ya namna hiyohiyo: kwa nini kisiwa kimoja kiwe katikati ya kila kitu tunachosoma? Wao walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nayo, maana wao ndio waliokuwa wamefutwa. Kijana wa Seattle hakuwa amefutwa na mtu. Yeye alichoka tu kula chungu kimoja. Tofauti hiyo ni kubwa, na nitairudia mbele. Lakini tufe ni lilelile.

Mwaka 1973, wakati Marekani ikiwa bado inauguza vidonda vya Vietnam, Harrington alisikia redioni utungo wa George Crumb uitwao Black Angels, yaani Malaika Weusi. Crumb aliukamilisha Machi 1970 na akaandika kwenye noti zake kwa Kilatini kwamba umeandikwa wakati wa vita. Una sehemu 13. Vyombo vinapazwa sauti kwa umeme. Wapigaji wanavaa mitondoo ya kushonea vidoleni, wanagonga tasa kubwa za shaba, wanachua kwa upinde wa fidla bilauri zilizotiwa maji mpaka zinalia. Vilevile wanatumia midomo yao: wananong'ona na kupiga kelele, na wanahesabu kwa lugha mbalimbali, nazo ni Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani, na Kiswahili.

Naam, Kiswahili. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilidhani nimekosea, nikarudia. Utungo uliomfanya Harrington aunde kundi lake una hesabu za Kiswahili ndani yake.

Tusikimbilie kushangilia, lakini. Mhakiki lazima aulize lugha hiyo inafanya nini humo. Kwa maoni yangu haisemi kitu. Crumb alikuwa akicheza na namba 7 na 13, akataka sauti ngeni zinazofanana na uganga, na Kiswahili kikamfaa kwa ugeni wake, kama vile tasa na bilauri. Sisi ambao ni wenyeji wa lugha hiyo tukisikiliza, ule uganga unavunjika, kwa sababu masikioni mwetu ni mtoto wa chekechea anayejifunza kuhesabu. Kwa hiyo mwaka 1970 tumo ndani ya kazi, lakini kama mlio. Hatuna jina humo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana njia aliyopita Harrington kutoka hapo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Aliposikia Malaika Weusi aliamua kuunda kwateti itakayoweza kuupiga, akaiunda Seattle mwaka huohuo. Na mapema kabisa, kabla hajawa na sifa yoyote, akafanya jambo lililoweka msingi wa maisha yake: alimwendea Ken Benshoof, mtunzi aliyekuwa amemfundisha ujanani, akamwomba amwandikie kitu. Hakuwa na pesa. Alimlipa mfuko wa donati. Tungo hiyo inaitwa Traveling Music, muziki wa safarini, na ndiyo ya kwanza katika tungo ambazo leo zimepita elfu moja, ukihesabu na zile zilizopangwa upya kwa ajili yao.

Watu wanaicheka hadithi ya donati, na mimi nilicheka. Lakini ndani yake pana nadharia nzima. Katika darasa la fasihi tumezoea mstari ulionyooka: mtunzi, kazi, msomaji. Fasihi simulizi ilikuja ikatufundisha kwamba fanani na hadhira wanatunga kwa pamoja. Harrington anaongeza mtu wa nne, yule anayeomba. Kazi inaanzia kwenye ombi. Bila ombi mtunzi angekaa na mawazo yake au angeandika kitu kingine. Hata kwetu, mashairi mangapi ya taarab yasingekuwepo kama mtu fulani hangekwenda kwa mshairi usiku kumwambia, "Bwana, nina jambo langu, nitungie"?

Kundi lilihamia San Francisco, na kufikia mwaka 1978 lilikuwa na wanne waliokuja kukaa pamoja zaidi ya miaka ishirini: Harrington, John Sherba kwenye fidla ya pili, Hank Dutt kwenye viola na Joan Jeanrenaud kwenye selo. Ng'ambo ya ghuba, katika Chuo cha Mills huko Oakland, walikutana na Terry Riley. Huyu alikuwa mashuhuri tangu mwaka 1964 kwa utungo wake In C, lakini baadaye alizama katika uimbaji wa Kihindi chini ya mwalimu wake Pandit Pran Nath, akawa haandiki noti tena. Alikuwa anapiga kwa kubuni papo hapo. Kwa lugha yetu: alikuwa amehama kutoka fasihi andishi kwenda simulizi. Harrington akamwomba arudi kwenye karatasi. Riley akakubali, na toka mwaka 1980 akaanza kuwaandikia, tungo baada ya tungo, kwa miongo kadhaa.

Je, hilo lilikuwa jema? Mimi sina hakika kabisa. Katika kozi ya fasihi simulizi tunafundishwa kulilia kila hadithi inayofungiwa kitabuni. Lakini Riley hakufungiwa. Alipata watu wanne wa kusema naye. Ninavyoona mimi, maandishi hayaui simulizi kwa lazima. Kinachoiua ni kuandikwa na mtu asiyeuliza.

Kazi ya miaka hiyo ambayo ningeomba kila mwanafunzi wa isimu aisikilize ni Different Trains ya Steve Reich, ya mwaka 1988. Reich ni Myahudi. Wakati wa vita, akiwa mtoto, alikuwa akisafirishwa kwa treni kati ya New York na Los Angeles kwa sababu wazazi wake walikuwa wametengana. Ukubwani akafikiri: ningekuwa Ulaya miaka ileile, ningepandishwa treni nyingine. Akarekodi sauti za watu wakisimulia, miongoni mwao yaya wake wa zamani, mtumishi mstaafu wa mabehewa, na Wayahudi walionusurika mauaji ya Hitler. Kisha akachukua vijisentensi vya maneno yao, akaandika noti za kiimbo chake hasa. Sauti ya mwanamke inaigwa na viola, ya mwanamume na selo. Mtu anasema, chombo kinasema vilevile. Kwa hiyo yule mwenzetu wa semina aliyesema fidla haina maneno, ningependa aniambie hapa maneno yameishia wapi na fidla imeanzia wapi. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Tamka neno "haya" kwa kukubali, kisha kwa kutisha, kisha kwa kuaga. Herufi ni zilezile, kiimbo ndicho kinachobeba maana, na kiimbo hicho unaweza kukipiga kwenye fidla.

Sasa tufike Afrika.

Mwaka 1992 Kronos walitoa santuri iitwayo Pieces of Africa. Tafsiri yake ya haraka ni Vipande vya Afrika, na mimi kila nikiitamka nakumbuka kipande kile cha mkoloni ambacho mtu alikuwa hawezi kwenda kazini bila kuwa nacho. Jina hilo silipendi. Limeifanya Afrika kitu kilichovunjika kikaokotwa. Ila ukifungua ndani unakuta jambo jingine kabisa: kila kazi ina mtu. Dumisani Maraire wa Zimbabwe. Hassan Hakmoun wa Moroko. Foday Musa Suso wa Gambia, mpiga kora. Justinian Tamusuza wa Uganda. Hamza el Din, Mnubi. Obo Addy wa Ghana. Kevin Volans wa Afrika Kusini. Hakuna palipoandikwa "wimbo wa asili". Tazama ni mara ngapi vitabu vyetu wenyewe vinaandika chini ya utenzi au wimbo neno "jadi", kama vile jadi ni jina la mtu! Santuri hiyo iliongoza orodha mbili za Billboard kwa pamoja, ya muziki wa klasiki na ya muziki wa dunia. Hilo ni jambo la soko na sitaki kulitukuza, lakini linaonyesha kwamba majina hayo yalifika mbali.

Niseme kidogo kuhusu Volans, kwa sababu yeye ndiye mgumu. Ni Mzungu wa Afrika Kusini, na White Man Sleeps, utungo wa mwaka 1982 alioupanga upya kwa ajili ya Kronos mwaka 1986, umejengwa juu ya muziki wa watu weusi wa kusini mwa Afrika. Jina lake lina kisa. Katika ngoma ya filimbi za nyanga pana mahali ambapo wapigaji wanaacha kupuliza kwa mizunguko kadhaa, wanacheza kwa njuga za miguuni tu, ili mzungu mwenye shamba apate kulala. Halafu wanaanza tena. Jamani, kejeli hiyo hata mabingwa wetu wa mafumbo wangeipigia makofi: wanamnyamazia, na ukimya wenyewe umeshakuwa sehemu ya ngoma. Swali linabaki, hata hivyo. Kejeli ni ya wacheza ngoma, na jina kwenye santuri ni la Volans. Hapo Harrington hakulitatua tatizo la umilikaji, alilibeba likiwa zima. Sioni sababu ya kumsamehe kwa kuwa tu muziki ni mtamu, na mtamu ni mtamu kweli.

Tamusuza ndiye ambaye amenikaa zaidi. Utungo wake unaitwa Ekitundu Ekisooka, yaani Sehemu ya Kwanza, na ni sehemu ya kwanza ya kazi ndefu ya mwaka 1988 iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuuona msalaba uliomo humo: katika Njia ya Msalaba. Tamusuza alisoma Belfast, ambako Volans alimfundisha, na baadaye Marekani, akafundisha Makerere. Alichofanya ni kuwachukua Wamarekani wanne na vyombo vya Vienna akawafanya wapige kama Waganda. Nyuzi zinadonolewa, mbao za vyombo zinagongwa kwa viganja, na fidla inakwaruza kama endingidi, zeze lile la uzi mmoja.

Ili kumwelewa inabidi ujue amadinda inavyopigwa. Ni marimba ya vibao kumi na viwili. Mpigaji mmoja anaanzisha mwendo wake, wa pili anakaa ng'ambo na kuingiza noti zake katika nafasi zilizo kati ya noti za yule wa kwanza, sawasawa bila kugongana, na wa tatu anaokota noti za sauti mbili na kuzirudia juu. Wimbo unaousikia hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga. Upo kati yao. Tamusuza akaipa kwateti mtindo huo, na matokeo yake ni kwamba cheo cha fidla ya kwanza kinayeyuka. Harrington, aliyeliunda kundi, aliyeomba kazi yenyewe, anakuwa nusu ya mstari ambao Sherba ana nusu yake nyingine. Akikosea mmoja, wimbo haupo. Sijui kama alipoomba alijua ataombwa kutoa kiti chake, ila alikitoa, na santuri ipo inashuhudia.

Maraire alikwenda njia nyingine. Aliwahi kufundisha chuo kikuu Seattle, mji uleule wa Harrington, na katika Mai Nozipo anapiga mwenyewe pamoja na wale wanne. Santuri inafungwa na utungo wake mwingine, Kutambarara, neno la Kishona lenye maana ya kuenea, na sikio la Mswahili linasikia jamaa yake, kutandawaa. Hamza el Din naye alitoka Toshka, kijiji cha Wanubi kilichofunikwa na maji ya Bwawa la Aswan, na Escalay yake ni gurudumu la kuteka maji linalozunguka taratibu mpaka msikilizaji anasinzia na kuamka. Kwa mpenzi wa taarab hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu awali ilikuwa ya udi.

Ukitoka hapo maisha ya kundi yanakuwa mafupi kusimulia, maana ni kazi juu ya kazi. Tuzo zipo: Grammy ya mwaka 2004, Polar Music Prize na Avery Fisher Prize zote mwaka 2011. Wanakundi wamebadilika. Jeanrenaud aliondoka mwaka 1999, na wakafuata wapiga selo wengine. Mwaka 2024 Sherba na Dutt walistaafu kwa pamoja, wakaingia vijana, Harrington akabaki kitini. Mwaka 1995 mwanawe kijana alifariki ghafla, na Riley, yule aliyerudishwa kwenye karatasi, akaandika Requiem for Adam kwa ajili ya msiba huo. Mtu aliyezoea kuomba kazi kwa ajili ya dunia aliletewa moja kwa ajili ya nyumba yake.

Subira yake nayo si mchezo. Henryk Górecki wa Poland aliwaandikia kwateti mbili, akaandika ya tatu mwaka 1995, kisha akaifungia kabatini miaka kumi. Kronos waliipiga kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mhariri gani wa jarida letu angengoja makala miaka kumi? (Nasikia wapo wanaongoja ada tu.)

Mwaka 2015 Harrington na wenzake walianza mradi walioupa jina Fifty for the Future: tungo hamsini mpya za kwateti, nusu zimetungwa na wanawake na nusu na wanaume, noti zake zinatolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Miongoni mwa watunzi yumo Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mpiga balafoni. Utungo wake, Sunjata's Time, una sehemu tano, na kila mwanafunzi aliyesoma utendi wa Sundiata atawatambua wanaohusika: Sumaworo mfalme mchawi, Sogolon mama wa shujaa, Nana Triban dada yake, Bala Faseke griot wake. Hapa fanani wa ukoo wa magriot ameandikishwa mtunzi, kwa jina lake, katika maktaba ileile alimo Philip Glass. Linganisha na ile hesabu ya mwaka 1970. Miaka arobaini na mitano imepita kati ya mlio na jina.

Lakini angalia chini ya jina la Diabaté, kwa herufi ndogo, utamwona Jacob Garchik, aliyezipanga noti kwa ajili ya kwateti. Mpangaji huyu (si wa nyumba, msinielewe vibaya) amefanya kazi kubwa: balafoni ina wapiga wawili mkono wa kulia na wa kushoto katika mtu mmoja, na yeye amewagawa kwa watu wanne. Je, huyo si mfasiri? Na mfasiri, kama tunavyobishana kila muhula, ni nusu mtunzi au ni mtumishi? Tena anayechagua nani aombwe bado ni mtu mmoja aliyekaa San Francisco. Tufe liko mkononi mwake. Alipokuwa kijana alilitazama akaona pengo, na amelijaza kwa miaka hamsini, lakini aliyefungua mlango ndiye anayejua upana wake. Nilisema tofauti yake na wale watatu wa Nairobi ni kubwa. Ndiyo hii: wao walitaka kubadilisha idara, yeye amekuwa idara.

Pamoja na hayo, nikiulizwa kama anastahili kuhakikiwa, nitasema anastahili, na kama mhakiki mwenzetu zaidi kuliko kama mwanamuziki. Alisoma kanuni iliyokuwepo, akaona ina kasoro, na badala ya kuandika makala ya kulalamika akatoka kwenda kuomba kilichokosekana.

Likizo iliyopita nilimpelekea ami simu yangu, nikamwekea Ekitundu Ekisooka. Alikuwa barazani anatengeneza upinde. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo wa pili ana kazi," akasema. "Wa kwanza anasikika, wa pili anashikilia."

Nikamweleza habari za donati. Akacheka hadi akakohoa.

"Basi bora sisi, mwanangu. Sisi tulikuwa tukipewa biriani."

Halafu akanyamaza. Akaanza kunihesabia nyimbo za klabu yao ambazo vijibu vya fidla ndani yake, vile vinavyoingia mwimbaji anapovuta pumzi, alivitunga yeye na mwenziwe aliyekuwa akikaa naye kiti cha pili. Kwenye kanda kuna jina la mwimbaji na jina la mshairi. Nikamwambia, ami, hebu nipigie kimoja kimoja. Mimi noti siandiki vizuri, najikongoja, narekodi kwa simu kisha nayaandika usiku kwa penseli, nikikosea ananisahihisha kwa kupiga tena. Alisisitiza jambo moja tu, kwamba kila panapokuja kijibu niandike ni kipi chake na ni kipi cha mwenziwe, maana yule ameshafariki na watoto wake hawajui.

Tumefika wimbo wa nne.